Mguu Uliotangulia

Nilimfukuza mwenyewe, kwa ufagio, tena zaidi ya mara moja. Naanza na hilo kwa sababu watu wanaoijua habari ya yule paka wanaijua kuanzia siku nilipomtoa chini ya mbao, na wananisifu. Hawajui kwamba alifika chini ya zile mbao kwa sababu yangu.

Yalikuwa masika, wiki chache kabla ya Pasaka. Mimi ni fundi cherehani. Nina chumba cha kazi Levolosi, lakini mwaka ule nilikuwa nimehamishia nusu ya kazi nyumbani kwetu Sekei, maana nilikuwa na mgonjwa wa kumwangalia. Stoo ya nyuma ya nyumba niliijaza vitambaa vya sare za kwaya, vya rangi ya zambarau, vimeshakatwa na kufungwa mafungu, kila fungu na karatasi yake ya vipimo. Paka akawa anaingia kupitia dirisha lisilo na kioo. Alikuwa wa kijivu, mchafu, sikio moja limechanika, na tumbo limemshuka mpaka linayumba akitembea. Nilimkuta amejikunja juu ya sare. Nilijua kabisa kwamba anatafuta mahali pa kuzalia. Nimezaa mara tatu, sikuhitaji kuelezwa. Nikachukua ufagio.

Kesho yake alirudi, nikamfukuza tena. Siku ya tatu nilimmwagia maji, kisha nikaliziba lile dirisha kwa kipande cha bati. Mvua ilikuwa inanyesha. Alisimama kidogo kwenye matope karibu na mgomba, akajikung'uta, halafu akapenya kwenye michongoma kwenda kiwanja cha jirani, ambako walikuwa wanajenga.

Baba mkwe wangu alikuwa ameketi barazani na aliyaona yote hayo.

Yeye ndiye aliyekuwa mgonjwa. Kwao ni upande wa magharibi wa Mlima Meru, kuelekea Oldonyosambu, na alikuwa amelima na kufuga huko maisha yake yote, ng'ombe kidogo na kondoo wengi. Mke wake alikuwa amefariki miaka miwili kabla. Tangu hapo alikuwa anajipikia mwenyewe, anasahau dawa zake za sukari, na anatembea mchana kutwa na katambuga zake za tairi. Mwiba ukamwingia mguu wa kulia asijue, maana ule ugonjwa ulikuwa umeshaua hisia za nyayo. Mume wangu alipokwenda kumsalimia alikuta kidonda kimekula kisigino. Tukamleta kwetu siku hiyo hiyo.

Hospitali walisema mguu ukatwe chini ya goti. Akakataa. Tulipomrudisha mwezi uliofuata wakasema tena, na daktari akachukua muda wake kumweleza kwa heshima kwamba kidonda kitapanda, kwamba sumu itaingia kwenye damu. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru, akaomba apewe fimbo yake. Mume wangu anaendesha lori la mizigo, na safari moja inaweza kumweka njiani wiki tatu. Kwa hiyo kukisafisha kile kidonda, asubuhi na jioni, ilikuwa kazi yangu.

Kwao, na hata kwetu Uchagani nilikozaliwa, mke wa mtoto na baba mkwe wake hawakai pamoja wakapiga soga. Kuna umbali unaotunzwa, na mimi niliutunza miaka kumi na minne. Sasa nilikuwa napiga magoti mbele yake kila siku na kushika mguu wake unaooza. Aibu ile aliibeba kwa kutazama pembeni. Alitazama upande wa mlima, na kwa kuwa mwezi ule mlima haukuonekana, alitazama mawingu. Nilimwamkia, akaitikia, nikamuuliza ameamkaje, akasema salama. Baada ya hapo ilikuwa maji ya chumvi, bandeji na ukimya. Tuliishi hivyo miezi mitano.

Ajali ilitokea asubuhi, siku tano baada ya mimi kuziba dirisha. Nilikuwa napiga pasi. Kwa jirani mafundi walikuwa wanahamisha rundo la mbao za kumwagia zege, mbao zilizokaa pale tangu msingi ulipochimbwa. Nikasikia rundo likiporomoka, wanaume wakipigiana makelele waepe, na nyuma ya makelele hayo sauti nyembamba, ndefu, ambayo kwanza niliidhania ya mtoto mchanga. Kisha fundi mmoja, mtu mzima mwenye mvi, akaja mpaka kwenye michongoma akaniita.

"Mama, njoo. Tumemwumiza paka wako."

Nikamwambia sina paka.

"Basi njoo tu," akasema.

Nilipita kwenye lango lao nikiwa bado na utepe wa kupimia shingoni. Paka alikuwa chini ya ubao mzito uliojaa simenti iliyokauka, mguu wa nyuma wa kushoto umebanwa kati ya ubao na jiwe. Alikuwa amezaa watoto wanne. Mmoja alikuwa ameshakufa, kichwa kimelalia upande usiowezekana. Wale watatu walikuwa hai, wana siku mbili hivi, macho yamefumba, vitovu vimekauka vikining'inia kama nyuzi. Paka hakuwa anajivuta ili atoke. Alikuwa amejipinda, kwa namna ambayo lazima ilimwongezea maumivu, ili kifua chake kiwe juu yao, na alimwonyesha meno kila aliyesogea.

Yule fundi mwenye mvi alikuwa ameshika koleo. Aliniambia kwa sauti ya chini kwamba ni afadhali ammalizie asiteseke. Hakuwa mkatili, macho yake yalikuwa mekundu. Nikasema hapana. Nikaomba wanaume watatu waunyanyue ule ubao kwa pamoja nikihesabu, nikajizungushia kanga mkononi, na walipounyanyua nikamshika paka shingoni na mgongoni. Aliniuma juu ya kifundo cha mkono, kupita kanga, na hakuachia. Nilikwenda naye hivyo mpaka nyumbani, meno yake yakiwa ndani ya nyama yangu, nikimwambia maneno ambayo sikumbuki. Fundi alinifuata na watoto kwenye beseni. Yule aliyekufa alikuwa amemfunga ndani ya karatasi ya mfuko wa simenti.

Nilipofika barazani baba mkwe alinyoosha mikono.

"Lete hapa," akasema.

Lilikuwa jambo la kwanza kuniambia, ukiacha salamu na chakula, tangu aingie nyumbani kwangu. Hakuwa anamtaka paka, alikuwa anawataka watoto. Aliwatoa kwenye beseni la baridi, akawaweka tumboni mwake chini ya shuka, akaifunga shuka juu yao. Alisema mwana kondoo akishapoa hanyonyi tena hata umweke kwenye chuchu, na kwamba hawa bila shaka ni vivyo hivyo. Kisha akautazama ule mguu wa paka. Mfupa ulikuwa umetokeza na chini yake nyama inaning'inia. Aliutazama kwa muda mrefu.

"Huu haupo tena," akasema.

Mteja wangu mmoja anafuga ng'ombe wa maziwa Nduruma. Nilimpigia simu, akanitafutia daktari wa mifugo anayewatibia ng'ombe wake, naye alifika kabla ya saa sita kwa pikipiki, mabuti yake ya mpira yamejaa matope ya zizini. Alimwamkia mzee, akanawa, akampima paka. Alikuwa mkweli. Alisema hajawatibu paka wengi, kwamba yeye ni mtu wa ng'ombe na mbuzi, ila alishawahi kumkata mbwa mguu na yule mbwa akapona. Alisema kuna sindano mbili anazoweza kumchoma. Moja ni ya kumlaza ili afanye kazi. Nyingine ni ya kumlaza moja kwa moja. Angeelewa nikichagua yoyote.

Sikufikiri kwa muda mrefu. Nilikuwa naona lile bati dirishani mwa stoo kutoka pale nilipokuwa nimesimama.

"Mkate," nikasema.

Alifanyia kazi barazani kwa sababu ya mwanga, juu ya meza yangu ya kukatia vitambaa, nimeitandika nailoni. Mimi nilishika kichwa cha paka kwa mkono usiouma. Baba mkwe hakuondoka. Kiti chake kilikuwa hatua mbili kutoka mezani, na watoto wa paka walikuwa wanatapatapa ndani ya shuka yake, na alifuata kila kitu alichofanya daktari, tangu kunyoa manyoya mpaka uzi wa mwisho. Aliuliza maswali matatu tu. Kwanza aliuliza kama paka anasikia maumivu, daktari akamjibu kwamba hapana, amelala. Baada ya muda akauliza kama akiamka atajua kwamba mguu haupo. Daktari aliinua uso, akafikiri.

"Atajua, mzee. Lakini atatembea."

Swali la tatu aliliuliza wakati daktari anafunga bandeji. Ule mguu uliokatwa ulikuwa pembeni mwa meza, kwenye kipande cha gazeti, mdogo kuliko nilivyotarajia.

"Na wenyewe mnaupeleka wapi?"

Daktari alinitazama mimi. Nadhani angesema utupwe shimoni. Nikasema nitauzika, na nilisema hivyo kwa sababu rahisi tu, kwamba yule mtoto aliyekufa alikuwa bado yuko kwenye karatasi yake mlangoni na ilibidi nichimbe shimo hata hivyo. Nikachukua jembe. Ardhi karibu na mgomba ilikuwa laini kwa mvua, haikuchukua muda. Niliweka vyote viwili pamoja, nikafukia, nikakanyaga. Nilipogeuka nilimwona baba mkwe amesimama kwa fimbo yake ukingoni mwa baraza, mkono mmoja umewashika watoto tumboni. Alikuwa amevua kofia yake ya sufu. Nilidhani amesikia joto.

Mchana ule nilikwenda kituo cha afya kuanza sindano za kichaa cha mbwa, kwa sababu ya kuumwa na mnyama wa mtaani. Niliporudi paka alikuwa ameamka. Tulimwekea sanduku lenye matambara, tukamsogezea watoto. Akawanusa, akageuza uso. Nikawasogeza tena. Akamkoromea mmoja na kujivuta mpaka pembeni ya sanduku. Walikuwa wananuka dawa na binadamu, na yeye mwenyewe alikuwa ananuka dawa, na nadhani hakujua kama ni wake. Watoto walikuwa wameshaanza kulia kwa ile sauti inayopungua nguvu.

Baba mkwe aliagiza nimletee samli. Nikamletea kwenye kijiko. Akampaka mtoto wa kwanza mgongoni na kichwani, kidogo sana, kwa kidole kimoja, kisha akamfuta kwa tambara alilokuwa amelalia mama yake. Alisema kondoo anayemkataa mwanawe wao humpaka mtoto chumvi, ili mama amlambe kwa ajili ya chumvi, na akishamlamba mara kadhaa anasahau kwamba alimkataa. Hakujua kama paka anapenda chumvi, lakini samli hakuna anayeikataa. Akamweka mtoto karibu na mdomo wa mama, akatoa mkono. Paka alinusa. Akalamba mara moja, akaacha. Akalamba tena, na safari hii hakuacha. Kabla jua halijazama wote watatu walikuwa wananyonya, na mzee alikuwa amesinzia kitini na kijiko mkononi.

Mdogo kuliko wote alikuwa dhaifu. Mzee alisema ataishi, amewaona wana kondoo wabaya zaidi ya huyo wakawa madume. Alimchukua kama kazi yake, kila asubuhi akimweka tumboni kwanza ndipo ampeleke kwenye chuchu. Siku ya nne aliniita kutoka jikoni. Mtoto alikuwa amelala kwenye kiganja chake, amenyooka.

"Nilisema ataishi," akasema. "Nilikosea."

Sijawahi kumsikia mwanamume wa umri wake akisema neno hilo, si kwetu wala si kwao. Nikampokea yule mtoto, nikamzika karibu na mwenzake. Mzee alisimama tena, na tena alivua kofia, na safari hii niliona kwamba si kwa ajili ya joto, lakini sikufikiri zaidi ya hapo.

Walibaki wawili, jike na dume, na mama yao alijifunza kutembea. Mwanzo alianguka kila alipogeuka. Alikuwa anajaribu kujikuna sikio kwa mguu ambao haupo, unaona lile paja lililobaki linachezacheza hewani, na hilo lilinichoma moyo kuliko damu ya siku ile. Wiki ya pili alikuwa anaruka hatua fupi fupi. Wiki ya tatu nilimwona akipita uani na mtoto mdomoni, akienda kasi, bila kuyumba. Nilikuwa nimeshaling'oa bati.

Wakati huohuo mguu wa baba mkwe ulikuwa unakwisha. Vidole viwili vilikuwa vyeusi. Nilikuwa nachoma udi sebuleni ili wageni wasisikie harufu, na yeye alijua kwa nini nachoma udi. Homa ilimjia na kuondoka. Mume wangu akipiga simu kutoka njiani aliniuliza hali, nikamweleza, akasema nimwache mzee, ataamua mwenyewe. Nilimwelewa. Lakini yeye hakuwa anafungua zile bandeji.

Basi asubuhi moja, nikiwa nimepiga magoti na mguu wake mikononi mwangu, paka alipita mbele yetu na mtoto mmoja akimfuata. Nikaona nafasi. Nikasema, "Baba, mtazame huyu. Amebaki na mitatu, na analea."

Nilisema kwa upole, nilidhani nimesema kwa akili. Alivuta mguu wake kutoka mikononi mwangu.

"Mimi si paka, mwanangu," akasema. "Paka hakuulizwa."

Siku mbili hakuniruhusu kumgusa. Aliomba maji ya chumvi na bandeji, akajifunga mwenyewe, vibaya, na nilisikia akihema kwa maumivu ya kuinama. Nilikula peke yangu jikoni na kulia peke yangu jikoni. Nilijiona mtu aliyemchukua mnyama aliyemwumiza mwenyewe, akamfanya somo la kumfundishia mzee wa watu.

Siku ya tatu nilipotoka na chai alinitangulia kwa salamu.

"Takwenya," akasema.

Ni salamu ya kwao, mkubwa anapomsalimia mwanamke. Katika miaka kumi na minne hakuwa amenisalimia kwa lugha ya nyumbani kwake. Nilijua jibu, mama mkwe alinifundisha.

"Iko," nikasema.

Akaniambia niketi. Sikuketi kwenye kiti, niliketi kwenye ngazi ya baraza. Akanieleza, polepole, akitazama mbele, habari ya mtu wa rika lake, ambaye walikua pamoja na kuchunga pamoja. Yule mtu alikatwa mguu hospitali fulani, zamani kidogo. Alipopona akauliza mguu wake uko wapi. Akaambiwa umechomwa moto, pamoja na takataka nyingine za hospitali. Wale waliomwambia hawakumaanisha ubaya, ndivyo kazi yao ilivyo. Lakini yule mtu hakulisahau neno lile. Aliishi mwaka mmoja, akilisema kila walipokutana, na baba mkwe ndiye aliyesaidia kumshusha kaburini, na alisema jeneza lilikuwa jepesi upande mmoja.

"Ule wa paka uliuzika," akasema. "Nilikuona."

"Ndiyo, baba."

"Wangu wataupeleka wapi?"

Nikasema sijui. Ilikuwa kweli, na ilinishtua kwamba sijui. Madaktari walikuwa wamemweleza kila kitu, damu, sukari, mfupa, na hakuna aliyemuuliza anachoogopa. Mume wangu hakumuuliza, na mimi niliyeushika ule mguu mara mbili kwa siku sikumuuliza.

"Nitauliza," nikasema.

"Uliza. Wakikupa, nitakwenda."

Nilikwenda siku hiyo hiyo, sikubadilisha hata kanga. Nilijiandaa kuchekwa. Muuguzi mkuu wa wodi alinisikiliza, akafungua droo, akatoa karatasi. Aliniambia familia nyingi huomba, hasa za upande wa mlimani, kuna fomu ya kusaini, na mtu wa familia awepo siku ya upasuaji. Ilikuwa fomu ya ukurasa mmoja. Nilirudi nayo nimeikunja ndani ya kitambaa changu cha kichwa, kwa sababu mvua ilikuwa imeanza na sikutaka ilowe.

Mume wangu alirudi kutoka safari kwa wakati. Alfajiri ya siku ya upasuaji mzee alitaka kukaa kidogo na wale paka wawili wadogo, akawaweka tumboni, ingawa walikuwa wakubwa sasa na hawakutulia. Hakusema maneno ya kuagana. Saa nne akaingia chumba cha upasuaji. Saa saba muuguzi akanikabidhi boksi lililofungwa kwa plastiki na utepe, na nilipolipokea niliinama kidogo, si kwa uzito. Ulikuwa mguu ambao nilikuwa nimeuosha kwa karibu miezi saba. Niliujua kuliko ninavyoijua miguu yangu.

Tuliazima gari dogo la mizigo tukaenda kwao siku hiyo hiyo, mimi na mume wangu, boksi likiwa mapajani mwangu. Mwinjilisti wa mtaa wao alikuwa anatusubiri. Alituambia waziwazi kwamba hakuna ibada iliyoandikwa kwa jambo la namna ile na hajui asome nini. Mume wangu alichimba mwenyewe, pembeni mwa kaburi la mama yake. Mwinjilisti aliomba sala fupi, kwa Kiswahili kwa ajili yangu, kisha kwa Kimaa, na katika ile ya Kiswahili alisema kwamba huyu mwenzetu yu hai na tunamwombea, na mguu wake umetangulia tu. Mume wangu, ambaye hakulia kwenye msiba wa mama yake mbele yangu, aliliegemea lile jembe na kulia.

Tulirudi wodini jioni, wakati wa kuona wagonjwa. Baba mkwe alikuwa macho, midomo imekauka.

"Mmeuweka upande gani?"

Mume wangu akamwambia, kulia kwa mama, usawa wa miguu yake.

Akafikiri, akiiona ile sehemu kichwani mwake. "Vizuri," akasema, akalala.

Kidonda kilifunga vizuri. Alikaa kwetu mpaka mavuno ya mahindi, akajifunza kutembea kwa magongo uani, na ukweli ni kwamba hakuwa hodari kama paka. Alianguka mara nyingi na kukasirika. Tuliendelea kuzungumza, si sana. Alinieleza kuhusu kondoo, nami nikamweleza kuhusu wateja wangu. Siku moja, kwa kuwa jambo lile lilikuwa limenikaa kooni, nilimwambia kwamba ni mimi niliyemfukuza yule paka. Akasema alijua, alikuwepo. Nikamuuliza mbona siku ile hakunikataza. Alisema ilikuwa nyumba yangu.

Kisha akarudi kwao, akakaa na mtoto wa kaka yake pamoja na mke wa kijana huyo. Aliishi mwaka mmoja na miezi mitatu tangu akatwe. Paka dume tulimpa yule fundi mwenye mvi, aliyekuja kumwomba mwenyewe, na jike yuko Levolosi kwa mama anayeuza mahindi na maharage, anawinda panya kati ya magunia. Mama yao alibaki kwangu. Hajawahi kuwa paka wa kupakatwa. Kovu la meno yake lipo juu ya kifundo changu, matundu manne, na siku za baridi linawasha.

Baba mkwe alipotoka hospitali nilitaka kumkatia suruali zake, mguu wa kulia, zisiburuzike. Alikuwa nazo tatu, na suti moja ya kijivu ya kanisani. Alinizuia. "Usikate," akasema. "Kunja." Nikakunja kwa ndani na kuzishikiza kwa mishono mirefu ya mkono. Alifariki wakati wa kiangazi, usingizini, moyo tu. Wanaume walipokuwa wanamwosha waliniletea ile suti niinyooshe. Niliketi nyuma ya nyumba yao na wembe, nikafumua uzi mmoja mmoja, nikakunjua ule mguu wa suruali ukarudi urefu wake. Nikaupiga pasi ya mkaa, na kitambaa kibichi juu yake, mara kadhaa. Alama ya mkunjo ilififia lakini haikutoka yote. Nikawapelekea hivyo hivyo, na ndivyo alivyovalishwa.